Mfupa Ungali Mbichi

Mimi nina matege. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanaloanza nalo wakinielezea: "Yule mwalimu mwenye matege." Nilishazoea. Shule ya msingi wenzangu walikataa nisikae golini, eti mpira wote utapita katikati ya miguu. Nilipokua nikasoma habari za Garrincha, yule Mbrazili ambaye mguu wake mmoja ulipinda kwenda ndani na mwingine kwenda nje, na bado akatwaa Kombe la Dunia mara mbili, 1958 na 1962. Tangu hapo nikawa natembea na Garrincha mfukoni kama kitambulisho. Mtu akinicheka, namtoa.

Kwa hiyo usidhani naandika haya kwa sababu ya aibu ya miguu yangu. Naandika kwa sababu ya miguu ya binti yangu, na kwa sababu ya neno nililomwambia mama yangu mzazi.

Kwetu ni Arumeru, chini ya Mlima Meru, upande wa barabara iendayo Moshi. Kuna mahali pale panaitwa Maji ya Chai, na jina linajieleza. Watu wa kwetu tukifika Dar tunajulikana kabla hatujataja tulikotoka. Tukicheka tu, basi: meno ya kahawia, yenye mistari. Ni maji. Yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba madini ya floraidi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengwa ndani ya ufizi, yanaota yakiwa na rangi hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna vyanzo vinavyozidi hapo kwa mbali. Hayo ya meno tunayajua na tunataniana nayo. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba floraidi haiishii kwenye meno. Inaingia kwenye mifupa, na mfupa wa mtoto unaoota huku ukikosa madini unayoyahitaji unaweza kupinda.

Halafu kuna magadi. Mama yangu hapiki maharage wala makande bila magadi. Kipande kidogo tu, na chungu kinaiva mapema, kuni zinabaki. Alifundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na wake. Kumbe magadi hayo nayo yanaweza kubeba floraidi nyingi, na watafiti waliofanya kazi kanda yetu wameyahusisha na miguu iliyopinda ya watoto. Mimi nililishwa hayo makande. Nilikuwa napenda ukoko wake kuliko mtoto yeyote pale nyumbani.

Binti yetu tulimpeleka kwa bibi yake akiwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa nafundisha Dar shule mbili kwa siku, mke wangu anauza duka la mtu, chumba chetu ni kimoja na mvua ikinyesha kinaingia maji. Tulisema ni kwa mwaka mmoja. Unajua mwaka mmoja wa namna hiyo unavyokuwa. Tukawa tunalea kwa simu: sauti kila Jumapili, hela ya matumizi kila mwisho wa mwezi, picha chache zilizopigwa kuanzia kifuani kwenda juu. Nauli tulipata mara mbili, nayo yalikuwa mambo ya msiba: kufika usiku, kuondoka alfajiri.

Alipokuwa na miaka minane na nusu, akaja Dar kwa likizo ya Desemba. Nilimsubiri stendi. Akashuka kwenye basi, akanikimbilia, na mimi nikaona. Magoti yalikuwa yanagusana na kusuguana, miguu chini imeachana, kila hatua mwili mzima unayumba. Mimi matege yangu yamepinda kwenda nje. Yake yalipinda kwenda ndani. Alinikumbatia kiunoni akasema, "Shikamoo baba," na mimi nikachelewa kuitikia.

Januari nilirudi naye kaskazini, na mama akatufuata mpaka kwenye kliniki ya mifupa ya hospitali kubwa moja, tukakaa kwenye benchi watatu. Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Alimwomba binti yangu atembee kwenda mlangoni na kurudi. Akampiga picha ya eksirei amesimama, miguu yote miwili kuanzia nyonga mpaka chini. Kwenye picha akaonyesha mstari kutoka katikati ya nyonga mpaka katikati ya kifundo cha mguu. Mguu ukiwa sawa, alisema, mstari huu unapita katikati ya goti. Wa binti yangu ulipita nje ya goti kabisa, kama njia ya mkato iliyolikwepa shamba.

Akaeleza jambo lingine ambalo nalitaja kwa ajili ya wazazi mnaosoma hapa. Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto huzaliwa miguu ikiwa imepinda kwenda nje kidogo, na kufikia kama miaka miwili inanyooka. Miaka mitatu minne magoti yanagongana kidogo. Kufikia miaka saba hivi yanatulia. Bibi aliyelea watoto wengi ameyaona haya kwa macho yake, kwa hiyo akisema "atanyooka huyo, muacheni," mara nyingi anasema kweli. Tatizo ni mguu unaokataa kufuata ratiba hiyo, au upande mmoja ukiwa tofauti na mwingine, au hali ikiwa inazidi badala ya kupungua.

Kisha akauliza, "Anakunywa maji gani?"

Nilijua jibu. Nilijua pia swali litakalofuata, kwa sababu kwetu kila mtu aliyesoma analijua. Lakini mama alikuwa amekaa pale, kitenge kipya, mikono juu ya pochi. Nikasema, "Ya bomba la kijiji, dokta."

"Na chakula, mnaweka magadi?"

Nikanyamaza. Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: "Ninaweka. Mimi ndiye ninayempikia."

Daktari hakumlaumu. Alisema damu ipimwe kwanza, kwamba mara nyingi sababu si moja, upungufu wa kalsiamu nao huchangia, na kwamba kuanzia siku ile mtoto anywe maji ya mvua au maji yaliyochujwa floraidi, na magadi yakome. Bila hivyo, alisema, upasuaji utanyoosha na maji yatapinda tena.

Ndani ya basi hatukusema kitu. Nyumbani, binti yangu alipokwisha kulala, mimi nikasema. Nilisema, "Mimi ulinipinda, mama, sikukuuliza. Na huyu tena?"

Alikuwa anachochea moto. Hakugeuka. Akasema, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Sikulala. Nikiwa na jambo nasoma, hiyo ndiyo tabia yangu, na usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nilisoma kuhusu upasuaji ambao daktari alikuwa ameutaja, wa kuongoza ukuaji. Nilikuwa nimedhani watauvunja mfupa na kuupanga upya, kama seremala anavyofanya na mguu wa meza. Hivyo ndivyo wangefanya kwangu mimi mtu mzima. Kwa mtoto kuna njia nyingine.

Karibu na ncha za mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwenye eksirei tabaka hilo huonekana kama ufa, na asiyejua anaweza kudhani mtoto amevunjika. Lile lililo chini ya mfupa wa paja, juu tu ya goti, huongeza karibu sentimita moja kwa mwaka. Lile la juu ya muundi huongeza kama milimita sita. Kwa binti yangu upande wa ndani wa goti ulikuwa umekua kuliko upande wa nje, ndiyo maana goti likasukumwa kuelekea mwenzake.

Wanachofanya ni hiki. Wanachana ngozi kama urefu wa kifundo kimoja cha kidole, wanalaza juu ya ule ufa kibamba kidogo cha chuma chenye matundu mawili, umbo kama tarakimu nane. Skrubu moja inaingia juu ya ufa, nyingine chini yake. Basi. Mfupa haukatwi. Upande wa ndani, uliotangulia, unashikwa usubiri. Upande wa nje, uliobaki nyuma, unaachiwa uendelee mpaka umfikie mwenzake. Miezi inapita, mtoto anacheza, anakula, analala, na mguu unajinyoosha wenyewe. Ukishanyooka, kibamba kinatolewa na pande zote mbili zinakua pamoja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1933 Phemister, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza namna ya kusimamisha ukuaji wa mfupa, ila chake kikishasimama kimesimama. Mwaka 1949 Blount na Clarke wakaandika kuhusu pini za chuma zenye umbo la herufi U, ambazo zinaweza kutolewa. Kibamba cha matundu mawili kilienea baada ya Peter Stevens wa Utah kuandika habari zake mwaka 2007. Nyuma kabisa yuko Mfaransa Nicolas Andry, ambaye mwaka 1741 aliunda lile neno la Kizungu la tiba ya mifupa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: nyoofu, na mtoto. Kitabu chake kina picha ya mti uliopinda uliofungwa kamba kwenye nguzo. Picha hiyo mpaka leo ni alama ya madaktari wa mifupa.

Niliitazama sana ile picha. Nikakumbuka mimi mwenyewe nikiwa na miaka mitano, nikikandwa miguu kwa mafuta ya kondoo, halafu nikifungwa vijiti kwa kamba ya mgomba mpaka nalia. Sisi tukisikia kunyoosha tunafikiria nguvu. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na mkono unatafuta kiboko. Lakini kibamba hakimkunji samaki. Hakina nguvu ya kupindua chochote. Mtoto asipokua, kinakaa pale kama kifungo kilichoshonwa kwenye shati, hakifanyi kitu. Kazi yote inafanywa na ukuaji wake mwenyewe. Ndiyo maana haiwezekani kwangu. Nilimuuliza daktari kwa utani, "Na mimi je?" Akacheka: "Mzee, wewe ulishafunga." Wasichana hufunga karibu na miaka 14, wavulana kama 16. Baada ya hapo lile tabaka linageuka mfupa na hakuna tena cha kuongoza. Sehemu ya methali iliyo kweli, basi, ni ile ya mwisho: angali mbichi.

Alifanyiwa mwezi Machi, kibamba kimoja kila mguu. Niliomba ruhusa ya siku nne. Walimpa dawa ya usingizi, na saa ile moja ilikuwa ndefu kuliko usiku wa kusahihisha mitihani ya darasa zima. Kesho yake muuguzi akamwambia asimame. Nilitaka kukataa. Akasimama, akalia, akapiga hatua tatu akishika kitanda. Hakuwa na plasta ya saruji, wala vyuma vya nje. Bandeji mbili tu. Watu wa wodini waliuliza, "Huyu kafanyiwa nini?" maana miguu ilikuwa imepinda vilevile kama jana. Hiyo ndiyo ajabu ya tiba hii: unalipa, unachanwa, unashonwa, na siku ya kwanza hakuna kilichobadilika.

Nikarudi Dar. Yeye akabaki kwa bibi yake, mpaka amalize mwaka wa shule.

Sasa sikiliza alichofanya mama. Aliuza mbuzi wawili, akanunua tangi la plastiki la lita elfu moja, akafunga mabati pembeni mwa paa yakusanye maji ya mvua. Kiangazi kilipofika na tangi likakauka, akaulizia mpaka akapata chujio la mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto, si mbali na kwetu, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia yao ni kuchoma mifupa ya ng'ombe iwe mkaa, kisha maji yanapitishwa humo. Mifupa ya ng'ombe inaipokea floraidi isiingie kwenye ya watoto. Magadi aliyatoa jikoni. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Niliyasikia kwa binti yangu kwenye simu: "Baba, siku hizi maharage yanaiva usiku."

Na kliniki alimpeleka yeye. Juni, Septemba, Desemba. Kila miezi mitatu picha, kila picha ule mstari unalisogelea goti. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri, bodaboda mpaka barabarani, basi, foleni, picha, kurudi usiku. Hajakosa hata mara moja. Desemba daktari akasema bado kidogo sana. "Machi mrudi bila kukosa. Machi tutaangalia kama tuvitoe."

Januari tukamchukua Dar. Tulishapata vyumba viwili, tukamwandikisha shule. Alikuwa anakimbia! Majirani walikuwa hawaamini picha za zamani. Machi ikafika na ada ikafika, na mimi nikapiga hesabu ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na kulala, na picha, nikasema moyoni: si amenyooka? Aprili tutakwenda. Aprili mvua. Mei mitihani. Mguu ukishanyooka, nauli inaonekana nyingi. Na kibamba hakijui kama mguu umenyooka. Kinaendelea kushika.

Juni tukampeleka kwa bibi yake kwa likizo. Hakumaliza siku mbili mama akanipigia. Hakuuliza hali. Akasema, "Baba, mguu wa kushoto unatoka nje. Unakuwa kama wako."

Nikabisha. Nilikuwa nakaa naye kila siku, nimwone mimi au yeye? Nikabisha kabisa, halafu katikati ya kubisha nikasikia ninachosema. Ile Desemba ya kwanza mimi niliona mara moja kwa sababu sikuwa nimekaa naye. Mama hakuona kwa sababu alikuwa naye kila siku, na mfupa haupindi kwa siku moja. Sasa ilikuwa zamu yangu ya kukaa naye na kutokuona. Swali nililomuuliza mama usiku ule jikoni lilikuwa halali kuniuliza mimi, neno kwa neno. Yeye hakuniuliza. Alisema tu, "Njoo na kadi ya kliniki."

Tulikwenda watatu, benchi lilelile. Picha ikaonyesha mguu wa kulia sawasawa, wa kushoto mstari umevuka katikati na kuingia upande wa ndani. Si kwa kiasi kikubwa. Daktari alinitazama, akaangalia tarehe kwenye kadi, akanitazama tena, na mimi nikasema kabla hajauliza: "Ni mimi, dokta. Bibi hajawahi kukosa."

Mama alikuwa anatazama dirishani.

Vibamba vikatolewa wiki ileile. Daktari akatueleza kwamba mfupa una tabia ya kukumbuka. Ukiuachia kabla haujamaliza kukua, mara nyingi unarudi kidogo kule ulikotoka, na kwa mguu wa kushoto tabia hiyo ndiyo tunayoiombea: urudi kidogo, uje katikati. Kwa mguu wa kulia tunaomba usirudi. Unaona mambo hayo. Kwa hiyo hatujamaliza. Tutakuwa tunakwenda kupigwa picha mpaka afunge, na sasa ana miaka kumi na moja.

Jioni ya siku ile, jikoni, nilimwambia mama, "Lile neno nililokwambia..." Akanikatiza. Akasema maharage hayajaiva bado, nikae, itachukua muda. Nikakaa. Tulisubiri mpaka saa nne usiku. Yalikuwa magumu kidogo katikati, na nilikula sahani mbili.

Picha inayofuata ni Jumanne ijayo. Tiketi nimekata. Hata hivyo mama ameshapiga simu mara mbili wiki hii kunikumbusha, na nadhani kesho atapiga tena.